Siku Niliyorefusha Swala

Kismayu, alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Mwanaheri,

Mungu akulinde, akunyooshee njia, na akupe subira ya kuisoma barua hii hadi mwisho kabla hujanihukumu.

Umekwenda kuaga majirani, na najua hutarudi kabla ya magharibi, kwa sababu kila nyumba itakulazimisha kunywa chai. Shangazi yako Arafa yumo jikoni anafunga samaki wakavu kwa karatasi tatu ili nguo zako zisinuke. Amekwisha kukueleza habari za koti, za soksi, na mahali pa kuficha pasipoti. Mimi sina la kuongeza katika hayo. Nina jambo moja tu, nalo nimelichelewesha kwa miaka mingi kuliko inavyofaa.

Unakumbuka siku uliyonisomea barua yako ya kuomba kazi. Ulikaa hapa mkekani na kompyuta mapajani, ukasema, “Baba, nisahihishie Kiitaliano changu, usinionee huruma.” Ulikuwa unaomba kazi katika ofisi ya Baraza la Mkoa, kule kule nilikokuwa mjumbe. Ulisoma vizuri. Ulipofika aya ya tatu ukasoma kwamba baba yako alikuwa mtu wa kwanza kutoka pwani yetu kuchaguliwa katika baraza lile, na kwamba hakuwahi kuwaacha watu waliomchagua, hata siku moja.

Nikakusimamisha. Ukadhani nimeguswa. Nikakuambia kwamba kitenzi cha sentensi ile hakikupatana na kiima chake. Ukacheka, ukakirekebisha, ukaendelea kusoma.

Mwanaheri, nilisahihisha kitenzi nikauacha uongo. Wewe hukujua kuwa ni uongo, maana uliupata kwangu. Sasa kazi umeipata, tikiti umeikata, na juzi wakati wa chakula ulisema, “Nikifika tu, Jumapili ya kwanza nakwenda kwa Bi Ornella, nimwambie Baba anakusalimu.” Tonge lilinikwama. Shangazi yako alinipiga mgongoni akidhani ni mwiba.

Basi nisikilize, nikuanzie mwanzo.

Unajua kwamba nilipelekwa Italia na chuo kikuu chetu kusomea uvuvi, na kwamba vita vya hapa vilinikuta kule. Unajua kwamba nilifanya kazi katika ushirika wa wachimba kome wa matopeni, katika mji mdogo ulio kando ya wangwa, ile tambarare ya matope inayofunikwa na maji ya bahari yakijaa. Mji ambao wewe na marehemu mama yako mliupenda kuliko nilivyoupenda mimi. Kule kila mkoa una baraza lake, na baraza hilo ndilo linaloamua habari za hospitali, mabasi na uvuvi. Nilianza kwa kuwaandikia barua wachimba kome waliokuwa wakisumbuliwa na maofisa. Mtu mmoja akamwambia mwenzake kwamba yupo Mwafrika pale ushirikani anayeandika Kiitaliano kisichoweza kukataliwa. Mwishowe Mzee Bruno, aliyekuwa meya na kiongozi wa chama chetu, akaja ushirikani, akavua kofia, akasema, “Bwana Lali, wewe unawaandikia barua bure. Njoo uziandike zikiwa na nguvu ya sheria.”

Nikawa diwani wa mji. Baadaye Mzee Bruno aliniweka katika orodha ya wagombea wa mkoa.

Katika uchaguzi wa mkoa, mpiga kura hutia alama kwenye chama, kisha akipenda huandika kwa mkono jina la mtu anayemtaka. Asipoandika, mgombea mgeni kama mimi hapati kitu. Bi Ornella, mkunga mkuu wa wodi ya wazazi ya hospitali yetu ndogo, aliwaita wanawake jikoni kwake jioni baada ya jioni. Aliweka karatasi mezani, akawaandikisha jina langu kama watoto wa chuo cha Kurani. Nilikuwapo siku moja. Bibi mmoja, mama wa wavuvi, aliandika, akainua karatasi.

“Herufi nne tu?” akauliza. “Mume wangu ana jina la herufi kumi na moja na hajafanya lolote.”

Jiko zima lilicheka. Bi Ornella akanielekezea kijiko chake cha mti, akasema, “Lali, nusu ya mji huu nimeizalisha mimi. Nakupa nusu hiyo. Mimi nataka kitu kimoja. Wanataka kuifunga wodi yangu. Usikubali.”

“Sitakubali,” nikasema.

“Sema mbele ya hawa.”

Nikasema mbele ya wote. Wewe ulikuwa na miaka saba, umelala ukiegemea bega la mama yako. Katika wodi hiyo hiyo ulizaliwa, na mikono ya kwanza kukushika duniani ilikuwa ya Bi Ornella, kabla ya yangu.

Nilichaguliwa. Sitakuficha: miaka ile ilikuwa mizuri. Nakumbuka basi la shule tulilovipatia vitongoji vya mwisho wa wangwa, ambako watoto walikuwa wakitembea gizani kwenye matope. Nilizungumza barazani mara tatu kwa ajili ya basi lile. Mara ya kwanza walisoma magazeti. Mara ya pili mmoja wao akapiga miayo, nikangoja amalize, nikamwambia, “Mheshimiwa, watoto wale huamka mapema kuliko wewe, nao hawapigi miayo.” Mara ya tatu walipitisha. Siku basi lilipokwenda kwa mara ya kwanza nililipanda mimi mwenyewe, nikakaa nyuma kabisa, na mtoto mmoja akaniuliza kama mimi ndiye utingo. Nikamjibu kwamba ndiyo. Kazi unayoiendea ni njema, mwanangu. Lolote nitakaloandika hapa chini lisikufanye uidharau.

Sasa lililobaki.

Nianze na babu yako Kombo, kwa maana kosa langu nililirithi kwake, ingawa kwake halikuwa kosa. Babu yako alikuwa mzee wa kijiji kule kisiwani Chovae. Wakubwa wa bara walipogombana, kila upande ulileta boti kisiwani na kumtaka aseme yuko na nani. Alikuwa akiwakaribisha, akiwapa madafu, kisha husema, “Ngojeni niswali.” Huingia msikitini akabaki humo. Alikuwa akijua saa za maji kama anavyojua jina lake. Maji yakianza kupwa, wageni hulazimika kuondoka ama boti zao zikwame kwenye mchanga. Huondoka wakinung'unika. Naye babu yako hutoka msikitini kisiwa kikiwa salama, hakuna neno alilosema wala aliyemkosea. Sisi Wabajuni ni watu wachache kati ya watu wengi wenye silaha. Wengi wetu tumebaki hai kwa sababu ya wazee waliojua namna hiyo ya kupita kando. Nilipokuwa mdogo nilikaa naye msikitini mara moja, nikamuona anatabasamu katika tasbihi. Nikajifunza.

Pendekezo la kufunga wodi lililetwa barazani mwaka wa nne wa ujumbe wangu. Waliolileta walikuwa wa chama chetu wenyewe. Walisema wodi ni ndogo, watoto wanaozaliwa pale ni wachache, na katika mji mkuu wa mkoa kuna hospitali kubwa yenye kila kitu. Hoja zao hazikuwa za kijinga, nami sitaki uzione hivyo. Lakini kutoka vitongojini hadi hospitali ile kubwa ni mwendo wa saa nzima, na wakati wa ukungu ni zaidi.

Mzee Bruno alinikuta ukumbini kabla ya kikao. Alikuwa mgonjwa wakati ule, anatembea na fimbo. Aliniita mwanangu; hakuwahi kuniita hivyo mbele ya watu.

“Mwanangu Lali, wajumbe wamegawanyika katikati. Najua uliahidi.”

“Niliahidi, mzee wangu.”

“Nami niliahidi kwamba chama changu hakitasambaratika nikiwa hai. Mimi ndimi niliyekutoa ushirikani. Sikuamrishi. Nakuambia tu kwamba ukinipinga leo, umenizika.”

Mimi nimelelewa kwamba mkubwa aliyekushika mkono humpingi hadharani. Pia nimelelewa kwamba ahadi ni deni. Yote mawili yalinikalia kifuani kwa pamoja. Mwenyekiti alipotangaza kwamba tutapiga kura baada ya hotuba ya mwisho, nilisimama, nikamwinamia jirani yangu, nikasema, “Nakwenda kuswali.”

“Nenda, nenda,” akanijibu kwa heshima kubwa. “Mungu kwanza.”

Kulikuwa na chumba kidogo karibu na mashine ya kunakili, ambacho nilikidai kwa miezi mingi ili Mwislamu yeyote anayefanya kazi katika jengo lile apate pa kusujudu. Niliingia humo, nikafunga mlango.

Niliswali adhuhuri, rakaa nne. Mwanaheri, wewe umesoma madrasa; unajua kwamba wakati wa adhuhuri ni mpana na alasiri ilikuwa bado mbali. Ningeweza kupiga kura kwanza, nikaswali baadaye kwa utulivu wote. Nilijua hivyo nikiwa nimesimama kwenye mkeka. Nilipotoa salamu nikaongeza sunna. Baada ya sunna nikasoma nyiradi, zile dua za baada ya swala. Baada ya nyiradi nikafungua sura ndefu, nikaisoma polepole na kwa tajwidi kamili kana kwamba mwalimu ameketi mbele yangu. Kengele ya kura ililia upande wa pili wa ukuta. Nikaendelea kusoma. Kisha nikasikia makofi.

Wodi ilifungwa kwa tofauti ya kura moja. Kanuni ya baraza letu ilikuwa kwamba kura zikilingana, pendekezo huanguka.

Hakuna aliyenilaumu jengoni. Walionipenda walisema kwamba mimi ni mcha Mungu. Wasionipenda walisema kwamba Waislamu ndivyo walivyo. Pande zote mbili zilinipa maficho, nami nikayatumia. Babu yako Kombo hakuwa na bunduki, mwanangu, ndiyo maana aliingia msikitini. Mimi nilikuwa na kura.

Bi Ornella alinikuta Jumamosi sokoni, mbele ya meza ya kome. Sijui kama alikuwa ananitafuta. Alikuwa na kikapu mkononi. Watu waliokuwa wakipatana bei waligeuka.

“Lali. Wamesema ulikuwa unaswali.”

“Nilikuwa ninaswali.”

“Ni kweli?”

“Ni kweli, Bi Ornella.”

“Ulituombea?”

Sikuwa nimewaombea. Sikumbuki kwamba nilimwomba Mungu chochote siku ile isipokuwa muda upite. Alinitazama, kisha akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, “Siku nyingine, swali mapema.” Akanunua kome wake, akaenda zake.

Baridi ya mwaka uliofuata, mwanamke wa kitongoji cha mwisho alijifungua ndani ya gari la wagonjwa lililosimama kando ya barabara kwa sababu ya ukungu. Bi Ornella, ambaye alikuwa amekwisha kuhamishiwa kazi ya makaratasi, alipigiwa simu akamwelekeza dereva kwa maneno. Mtoto aliishi. Mama alikaa hospitali muda mrefu, akapona, lakini hakuzaa tena. Nilipata habari hizo gazetini. Nilikunja gazeti nikaliweka chini ya mengine, ili mama yako asilione. Aliliona.

“Utakwenda kumtazama?” akaniuliza.

“Nitakwenda nikisema nini?”

“Utajua ukifika,” akasema.

Sikwenda. Hilo ni kosa la pili, na pengine ni kubwa kuliko la kwanza, maana la kwanza lilikuwa la saa moja, na hili nilirudia kulifanya kila siku.

Uchaguzi ulipokuja tena, sikupata hata robo ya waliokuwa wameandika jina langu mwanzoni. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mbili. Ulirudi kutoka shule ukiwa na uso umevimba kwa kulia, ukaniuliza, “Baba, kwa nini hawakukutaka tena?” Nami nikakujibu, “Kwa sababu ya rangi yetu, mwanangu. Walituvumilia, kisha wakachoka.”

Watu wa namna hiyo walikuwapo. Nilikutana nao, na utakutana nao. Lakini hawakuwa wale walionipa kura, wala hawakuwa wale walioninyima. Wanawake wa jikoni kwa Bi Ornella waliniandika nikiwa mweusi, wakaacha kuniandika nikiwa mweusi vile vile. Nilichokibadilisha hakikuwa rangi. Niliwachafua watu wema mbele ya mwanangu ili nibaki safi, na wewe ukalibeba neno lile kutoka kule hadi hapa Kismayu, ukalipeleka Mombasa chuoni, na nimekusikia ukiwaeleza marafiki zako kwa uchungu. Kila ukilisema, nilikuwa na nafasi ya kukukatiza. Mimi, ambaye humkatiza mtu akikosea ngeli.

Ndiyo sababu jana nilipiga simu. Shangazi yako ndiye aliyenisukuma. Nilipomwambia habari hizi aliweka mwiko chini, akanitazama kama anavyonitazama tangu utotoni, akasema kwa Kibajuni chake, “Mchu humtuma mwanawe kwa wachu aliowakosea, asimwambie? We Lali, una haya wewe?”

Namba ilikuwa ile ile. Sauti imezeeka.

“Nani?”

“Ni Lali. Napiga kutoka Kismayu.”

“Lali yupi? Yule wa kuswali?”

“Ndiye.”

Akacheka, Mwanaheri. Cheko la mtu mzima ambaye kifua chake kimechoka, lakini lilikuwa cheko. Nikamwambia kwamba nilifanya makusudi. Nikamwambia kuhusu sunna na sura ndefu. Nilikuwa nimepanga maneno kwa ufasaha, yakanitoka vipande vipande, Kiitaliano changu kikavunjika mahali ambapo hakijawahi kuvunjika. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Nilijua,” akasema. “Nimezalisha wanawake miaka arobaini. Namjua mtu anayesukuma na namjua anayejifanya anasukuma.” Kisha akasema, “Umechelewa sana, na sikusamehe kwa niaba ya yule mama. Kwa niaba yangu nitafikiri.”

Nikamwambia unakuja, na kwamba ulitaka kumtembelea.

“Aje Jumapili. Nitampikia. Lakini mwambie wewe kwanza. Sitaki mtoto niliyempokea kwa mikono yangu aingie jikoni kwangu hajui, nami nikae namtazama nikijua. Usipomwambia, nitamwambia mimi, na kutoka kwangu litamuuma zaidi.”

Ndilo neno lililonikalisha mezani leo.

Sikuambii ufanye nini na ile aya ya tatu. Barua uliyoipelekea ofisi uliiandika kwa moyo mweupe. Ukitaka kumwendea mkuu wako siku ya kwanza ukamwambia kwamba ulikuwa hujui na sasa unajua, nadhani utakuwa umeanza kazi vizuri kuliko nilivyoimaliza mimi. Ukitaka kungoja, ngoja. Usinitetee kwa yeyote, hata kwa Bi Ornella. Wala usinilaani ili wakupende. Na ukisikia katika mji ule mtu akinisifu kwa ajili ya basi la shule, pokea sifa hiyo, kwa sababu hiyo nayo ni kweli.

Utafika siku ambayo mtu mwema uliyemheshimu atakuomba jambo, na watu wema wengine watakuwa wanakungoja upande wa pili. Siwezi kukuambia uchague nani. Hata leo sina hakika kwamba ningempinga Mzee Bruno na moyo wangu ukatulia. Ninachojua ni kwamba ningemkosea yeye nikiwa nimesimama mbele yake, na ningeweza kwenda kumwomba radhi jioni ile ile. Mtu uliyemkosea kwa kutokuwapo ni vigumu kumwomba radhi. Hujui hata uanzie wapi, na miaka inapita.

Nina matumaini nawe ambayo sikuwa nayo juu yangu mwenyewe. Wewe huwezi kukaa kimya hata ukiambiwa chumvi imezidi. Ulipokuwa na miaka kumi na saba, mwezi wa kwanza tulioishi hapa, ulimwambia imamu mbele ya watu kwamba mlango wa wanawake msikitini hauna kivuli. Nilitamani ardhi inimeze. Wiki iliyofuata wakaezeka. Mwanangu, nenda hivyo hivyo.

Nilikusudia kuitia barua hii katika mfuko wa koti lako, uigundue ukiwa umekwisha kuruka. Nilikwisha kuikunja kwa ajili hiyo. Kisha nikaona kwamba nikifanya hivyo nitakuwa nimekuambia nami sipo. Nimeikunjua. Nitakupa mkononi kesho asubuhi baada ya chai, na bajaji ya kukupeleka uwanja wa ndege nimeiagiza ije kwa kuchelewa, ili tuwe na saa nzima. Shangazi yako atatuachia chumba.

Baba yako ndiye aliyeketi mbele yako sasa hivi, upande wa pili wa meza, na amekuwa hapo tangu ulipoanza kusoma. Inua macho, Mwanaheri. Uliza unachotaka.